Henry Wanyoike, goliboli na watoto wa Kabanga

Wadau, leo naomba siasa tuiweke pembeni, na Simba na Yanga pia tuwape likizo. Nataka niwape historia ya mtu mmoja, halafu historia ya mchezo mmoja, halafu vyote viwili nivipeleke nyumbani kwetu Kigoma. Vuteni viti, ni ndefu kidogo.

Naanza na swali. Mkamate kijana yeyote wa Dar, Nairobi au Kampala, mwambie akutajie mwanamichezo asiyeona wa Afrika Mashariki. Wengi watakukodolea macho. Wachache wanaofuatilia watakutajia Henry Wanyoike wa Kenya, mkimbiaji. Wamepatia. Sasa waambie hao hao wakutajie asiyeona anayecheza mpira katika timu. Hapo kimya. Nimekaa na swali hili muda mrefu: kwa nini mashujaa wetu wasioona karibu wote ni watu wa kukimbia? Kuna jibu jepesi, kwamba sisi ni watu wa mbio, Wakenya hasa. Mimi silikubali. Jibu langu liko ndani ya maisha ya Wanyoike mwenyewe, kwa hiyo tuanze na yeye.

Wanyoike alizaliwa Mei 10, 1974, huko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Utotoni alikuwa anaona vizuri kabisa. Alikuwa mtoto wa kukimbia kwenda shule na kukimbia kurudi, na kama watoto wengi wa Kenya aliota siku moja atavaa jezi ya taifa. Mwaka 1995, akiwa kijana wa miaka kama 21 hivi, alilala usiku akiwa anaona, akaamka yuko gizani. Alikuwa amepata kiharusi kidogo usingizini, nacho kikamnyang'anya karibu uwezo wote wa kuona. Inatajwa kuwa alipoteza asilimia 95. Ile kidogo iliyobaki nayo ikamwishia taratibu.

Hebu fikiria. Umri ule ndio wa kuanza kujitegemea, na wewe ndio kwanza unaanza kushikwa mkono kupelekwa chooni. Mwenyewe ameeleza mara nyingi jinsi alivyokata tamaa miaka ile ya mwanzo. Kilichomtoa huko si muujiza. Alifika kitengo cha macho cha hospitali ya Kikuyu, kwenye mradi wa kuwasaidia watu wasioona vizuri, akakutana na watu waliomwambia kwamba maisha yanaendelea na wakamwonyesha kwa vitendo yanaendeleaje. Alikwenda Machakos, kwenye chuo cha ufundi cha wasioona, akajifunza kufuma masweta kwa mashine. Naomba mlishike hilo la masweta. Kabla ya medali kulikuwa na ujuzi wa mikono na watu waliokuwa na subira naye.

Halafu akaanza kukimbia tena.

Kwa wale ambao hawajawahi kuona mbio hizi: mkimbiaji wa daraja la T11, la wasioona, hufunikwa macho ili hata mwenye kubahatisha mwanga kidogo asimzidi mwenzake. Pembeni yake anakuwa na mwongozaji anayeona, na wawili hao wameunganishwa na kamba fupi mikononi. Mwongozaji anaruhusiwa kusema, kona hii, nyoosha, zimebaki mita mia mbili. Kumvuta mkimbiaji haruhusiwi. Na pale mwisho mkimbiaji ndiye anayepaswa kuvuka mstari kwanza. Maana yake ni kwamba mwongozaji lazima awe na mbio kuliko unayemwongoza, maana yeye anakimbia na kuongea na kutazama kwa wakati mmoja. Akichoka yeye, mmechoka wote wawili.

Na ndicho kilichotokea Sydney mwaka 2000. Ilikuwa Paralimpiki ya kwanza ya Wanyoike, mbio za mita 5,000. Mwongozaji wake, John Kibunja, alikuwa mgonjwa wa malaria. Wakaanza vizuri, wakaongoza, halafu zikiwa zimebaki mita chache mwongozaji akaishiwa nguvu. Kufika hapo kazi ikageuka. Asiyeona ndiye akawa anamhimiza na kumkokota anayeona, huku uwanja mzima umesimama. Wakavuka. Dhahabu.

Picha ile ilizunguka dunia na hadi leo husimuliwa kama kichekesho kitamu: kipofu amemwongoza mwenye macho. Ni kweli inachekesha. Lakini mimi huiona kwa jicho lingine. Ile dhahabu ilining'inia kwenye uzi mmoja, yaani afya ya mtu mmoja. Kenya nzima, yenye wakimbiaji waliojaa kila kilima, siku ile Wanyoike alikuwa na mtu mmoja tu wa kumshikia kamba, na mtu huyo alikuwa na malaria.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Athens 2004 alichukua dhahabu mbili na zote kwa rekodi ya dunia ya wasioona: mita 5,000 kwa dakika 15 na sekunde 11.07, na mita 10,000 kwa dakika 31 na sekunde 37.25. Jamani, mimi na macho yangu yote mawili hiyo 10,000 siimalizi ndani ya saa. Mwaka 2005 kule Hamburg alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 31. Katika miaka hiyo jina la Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utotoni, likawa haliachani na la kwake. Beijing 2008 akapata shaba ya mita 5,000. Baada ya hapo akageukia zaidi kazi ya taasisi yake na mbio za hisani huko kwao Kikuyu, akiwachangia wale ambao bado wako gizani kwa maana zote mbili.

Sasa jumlisheni gharama ya vifaa katika maisha yote hayo. Viatu. Kamba. Kitambaa cha macho. Barabara ya vumbi ya Kikuyu, ambayo ni bure. Na rafiki. Ukiwa na rafiki mwenye pumzi na moyo unaweza kuanza kesho asubuhi bila kuandika barua ofisi yoyote. Hili ndilo jibu langu la lile swali. Wasioona wetu hukimbia kwa sababu mbio ndio mchezo pekee ambao mtu mmoja mwema anatosha kuuanzisha. Serikali haihitajiki, shule haihitajiki, ukumbi hauhitajiki. Ni heshima kubwa kwa watu wema, na ni aibu kidogo kwa sisi wengine.

Haya, tuhamie kwenye mchezo wenyewe niliousema. Unaitwa goliboli.

Ulibuniwa mwaka 1946, Vita Kuu ya Pili imemalizika juzi, Ulaya imejaa vijana waliorudi kutoka vitani bila macho. Hans Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani walitafuta mchezo wa kuwarudishia vijana hao mwili na akili ya kushindana. Hawakuchukua mpira wa miguu wakaupunguza makali ili kipofu naye ajaribu. Walianza upya kutoka kwenye sikio. Mwaka 1976 mchezo ukaingia Paralimpiki kule Toronto, upande wa wanaume, mwaka 1978 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia huko Austria, na mwaka 1984 wanawake nao wakaingia Paralimpiki.

Unachezwa hivi. Uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na goli linachukua upana wote huo wa mita 9, kimo mita 1.3. Kila timu ina wachezaji 3, na wote watatu wanalilinda goli lao kwa kulala chini na kujinyoosha. Mpira una uzito wa kilo 1.25, una matundu, na ndani yake mna njuga. Unaurusha kwa mkono ukibiringika sakafuni kuelekea goli la wenzako, nao wanausikia unakuja na kujitupa mbele yake. Kwa wanaume waliobobea unaweza kuzidi kilomita 60 kwa saa. Ukishaudaka una sekunde 10 za kuurudisha. Mechi ni vipindi viwili vya dakika 12. Wachezaji hawana kamba wala mwongozaji. Wanajua walipo kwa sababu chini ya mistari ya uwanja imepitishwa kamba nyembamba na kubandikwa utepe juu yake, kwa hiyo unaupapasa mstari kwa vidole au unyayo na kujua kona iko wapi.

Na wachezaji wote hufunikwa macho, anayeona robo na asiyeona kabisa. Mkishafunikwa mko sawa.

Kuna sheria moja inayonifurahisha sana: watazamaji lazima wanyamaze. Mwamuzi huomba utulivu kabla mpira haujarushwa, na maelfu ya watu wanakaa kimya kama wako kanisani, wanashangilia pale tu goli linapoingia. Fikiria sisi tuliozoea vuvuzela, kunyamaza ndio kumheshimu mchezaji.

Mkitaka sura ya mtu katika mchezo huu, mtazameni Leomon Moreno wa Brazil. Alizaliwa Brasília mwaka 1993 akiwa na ugonjwa wa retina unaoua uwezo wa kuona. Kaka yake Leandro naye ni mchezaji, na mwaka 2012 London ndugu hao wawili walikuwa timu moja ya taifa iliyochukua fedha baada ya Finland kuwashinda fainali 8 kwa 1. Rio 2016, nyumbani kwao, shaba. Tokyo, kwenye michezo ya 2020 iliyofanyika 2021, Brazil ikaifunga China 7 kwa 2 na kuchukua dhahabu. Paris 2024, shaba tena. Katikati ya hapo yako mataji ya dunia ya 2014, 2018 na 2022. Na huyu bwana amechezea klabu zenye majina mnayoyajua kwenye soka: Santos ya kwao na Sporting ya Lisbon. Ndiyo, Santos ya Pele ina watu wa goliboli.

Mlinganisheni na Wanyoike. Kipaji sijui nani zaidi, wala sijali. Ninachokiona ni kwamba Leomon ana kaka, ana timu, ana klabu, ana ligi, na akipata malaria kuna mwenzake kwenye benchi. Nyuma ya Wanyoike alikuwa mtu mmoja mwenye kamba.

Kwa Afrika, timu tulizozoea kuziona kwenye goliboli ya Paralimpiki ni Misri na Algeria. Hakuna timu ya Afrika Mashariki iliyowahi kufika huko. Kabla hamjaniambia kwamba michezo ya timu kwa walemavu haiwezekani kwetu, tazameni kwa jirani. Rwanda, hapo tu ukivuka Burundi, ilipeleka timu ya wanaume ya voliboli ya kukaa London 2012, na ya wanawake Rio 2016. Nchi iliyotoka kwenye mauaji ya 1994 ikiwa na maelfu ya watu waliokatwa viungo ilitandika sakafu, ikashusha wavu, ikaunda timu. Nao mchezo wao ulitokana na vita, kama goliboli.

Sasa twendeni nyumbani.

Mimi ni mtoto wa huko juu, Kibondo kwa kuzaliwa na Kasulu kwa kusoma. Wengi wenu mkisikia Kigoma mnafikiria ziwa na migebuka. Sisi wa milimani tuna baridi, maharage na udongo mwekundu usiotoka kwenye soksi nyeupe hata ufue mara tatu. Na tuna historia ya kupokea watu waliokimbia. Nyarugusu iko Kasulu, imepokea Wakongomani tangu 1996. Mtabila ilikuwa Kasulu, ikafungwa mwishoni mwa 2012. Nduta iko Kibondo, ikafunguliwa upya 2015 Warundi walipoanza tena kukimbia. Mtu akikimbilia kwetu, tunamjengea mahali.

Mwaka 2008 tukaanza kupokea wakimbizi wa aina nyingine: watoto wa nchi yetu wenyewe. Mnakumbuka miaka ile. Watu wenye ualbino waliwindwa kama wanyama, hasa Kanda ya Ziwa, kwa uongo wa waganga kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Umoja wa Mataifa ulipohesabu mwaka 2015 ulitaja watu zaidi ya 70 waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni akizungumzia jambo hilo. Watoto wakakusanywa kwenye shule zenye ulinzi, na moja ya hizo ni Kabanga, Kasulu, shule ya msingi iliyokuwa tayari inasomesha watoto wasioona na wasiosikia. Ukajengwa ukuta. Wapo waliokuja wakiwa wadogo wa kubebwa, na wapo ambao wazazi wao hawakurudi kuwaona.

Ukuta uliokoa maisha, na sitamruhusu mtu aliyekaa salama Sinza aubeze. Lakini mtoto anayekulia ndani ya ukuta anahitaji kitu cha kufanya humo ndani zaidi ya kuwa hai.

Na hapa ndipo historia zangu mbili zinapokutana. Ualbino si suala la ngozi peke yake. Karibu kila mwenye ualbino ana tatizo la macho: mwanga unamuumiza, mboni zinachezacheza, ubao wa darasani hausomeki kutoka alipo. Halafu kuna jua, na saratani ya ngozi ambayo imewaua wenye ualbino wengi wa nchi hii kimya kimya, bila panga. Kwa hiyo ukimwambia mtoto huyu akimbie kama Wanyoike, unamtoa nje saa nne asubuhi kwenye jua la Kigoma. Ukimpa mpira wa miguu, anauona ukiwa umeshampita. Katika shule moja niliyosoma mimi, kipindi cha michezo mwenzetu mwenye ualbino alipewa na mwalimu kazi ya kudumu: kukaa chini ya mwembe na kulinda masweta yetu. Miaka miwili. Alikuwa anajua sweta la kila mmoja kwa kulishika. Hakuna aliyeona ajabu, maana mwalimu alikuwa anamlinda kweli na jua, na mpira ulikuwa haumfai kweli.

Goliboli inamfaa. Inachezwa ndani, chini ya paa. Jua halipo. Macho yanafunikwa, kwa hiyo mwanga hauumi na uono hafifu si kasoro tena. Asiyeona kabisa, mwenye ualbino na hata mwenye macho mazima wanaweza kukaa timu moja shuleni, kwa sababu wote wamefunikwa. Niseme ukweli, kwenye mashindano ya kimataifa kuna kipimo: mwenye macho mazima haruhusiwi, na hata wenye ualbino si wote watakaofuzu, maana baadhi yao wanaona vizuri kuliko kiwango kinachokubaliwa. Lakini mimi sizungumzii Paralimpiki kwanza. Nazungumzia yule wa chini ya mwembe.

Mtaniambia vifaa. Vya kuanzia hivi hapa: chumba chenye sakafu ya saruji iliyo laini. Kamba ya katani na utepe mpana wa karatasi kwa ajili ya mistari. Vitambaa vyeusi sita. Mpira wenye njuga ndio mgumu kupatikana, lakini kwa mazoezi watu huufunga mpira wa kawaida ndani ya mfuko wa nailoni, unakwaruza sakafu na kusikika. Mabenchi mawili yawe magoli. Kasulu hatukosi kumbi, za parokia, za mikutano na za harusi, na nyingi Jumanne mchana zimefungwa kwa kufuli.

Kinachokosekana ni mwalimu anayeujua mchezo. Na hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu Kabanga hiyo hiyo kuna chuo cha ualimu, na Kasulu mjini kipo kingine. Kila mwaka vyuo hivyo viwili vinatoa vijana wa umri wangu na wako, wenye pumzi, wanaoenda kusimamia kipindi cha michezo kwenye shule za nchi nzima. Sheria za goliboli zinafundishika kwa wiki moja. Wakitoka nazo hapo zitafika Kibondo, Kakonko, Buhigwe, na hadi Shinyanga ambako nako kuna watoto waliohifadhiwa hivyo hivyo.

Wanyoike alipata mtu mmoja wa kumshikia kamba, akaifikisha Kenya alikoifikisha. Nina wasomaji hapa ambao ni walimu, wengine mko halmashauri, wengine mmesoma na mimi na sasa mna funguo za ofisi. Nani kati yenu ana funguo za ukumbi?